"Gemu haina balansi": unamaanisha nini hasa?

Siku hizi ukifungwa tatu bila kwenye eFootball, gemu haina balansi. Ukipigwa risasi na mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta ambao hata wewe ungeweza kujibanza, gemu haina balansi. Bando likikata katikati ya mechi, watengenezaji hawajui balansi. Neno limekuwa jalala la kila kipigo, kiasi kwamba hata likisemwa panapostahili hakuna anayeshtuka.

Maana yake ni fupi. Gemu ina balansi pale ambapo sehemu kubwa ya vitu inavyokupa uchague, yaani wahusika, silaha, vikosi na mbinu, vinaweza kweli kumpa mtu ushindi, hata kati ya wachezaji wanaojua wanachokifanya. Basi. Haidai kila mhusika awe na nguvu zile zile, wala haidai mechi zote ziwe za kukabana koo. Na wala haikudai ushinde wewe.

Kinachonichosha ni watu kuchanganya balansi na haki. Haki inauliza kama sisi wawili tumeanza sawa. Balansi inauliza kama tulivyopewa kuchagua vina maana ya kuchaguliwa. Gemu inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine kabisa.

Mchukue Leroy Smith, mhusika wa gemu ya kupigana ya Tekken 7. Aliingizwa kwenye gemu Desemba 2019. Januari iliyofuata, kwenye mashindano ya EVO Japan 2020, sita kati ya wachezaji wanane wa mwisho walikuwa na Leroy. Gemu yenye wapiganaji zaidi ya 40, na jukwaani anarudi mzee yule yule mwenye rasta, kazuia ngumi, karudisha, kamaliza. Je, kuna aliyedhulumiwa? Hapana. Kila mmoja angeweza kumchukua, na wengi wakamchukua kweli. (Aliuzwa kando, sawa, lakini mtu aliyesafiri hadi Japani kushindana hashindwi kumnunua mhusika mmoja.) Haki ilikuwepo. Balansi ndiyo iliyokosekana, kwa sababu wale wengine wote waligeuka mapambo. Baadaye alipunguzwa makali, na ilibidi.

Sasa geuza upande wa pili. Kwenye Free Fire, gemu ya kupigana risasi, kuna skini za bunduki (mapambo ya kuibadilisha sura) ambazo haziishii kwenye rangi: nyingine zinaongeza kasi ya kufyatua, nyingine uzito wa risasi, na mara nyingi kitu kingine kinapunguzwa kidogo ili ionekane kuna fidia. Wewe una bunduki ile ile bila skini, mwenzako ameimwagia hela. Hapo watu husema "balansi", ilhali bunduki zenyewe zinaweza kuwa zimepimwa vizuri tu, moja dhidi ya nyingine. Shida ni kwamba hamkuanza sawa. Hilo ni suala la haki, na ukiliita balansi unamsaidia muuzaji, maana atakujibu kwa takwimu za bunduki wakati wewe ulikuwa unauliza kuhusu pochi. Mchezaji wa Dodoma anayecheza kwenye seva iliyoko Ulaya naye ana lalamiko la aina hiyo hiyo. Taarifa zinachelewa kumfikia, adui anamwona kabla yeye hajamwona, na hakuna mhusika yeyote wa kupunguzwa makali hapo.

Halafu kuna wanaodhani balansi ni kufanana. Wakifanana wote, kama kete za drafti, haki unaipata bure, lakini cha kupima hakipo. Kazi ngumu ni kuweka vitu visivyofanana kabisa na bado vikabane. StarCraft ya 1998, gemu ya vita ya kompyuta, ndiyo mfano ambao sijaona wa kuushinda. Ina pande tatu: Terran ni wanadamu wenye vifaru na majengo yanayoweza kupaa, Zerg wanajaa kama siafu, Protoss ni wachache na ghali. Watengenezaji wake, Blizzard, waliacha kugusa nguvu za pande hizo mwaka 2001. Hata hivyo huko Korea Kusini watu waliendelea kuicheza kwa mshahara kwa miaka mingi, televisheni zikionesha mechi moja kwa moja. Nani aliyekuwa anarekebisha? Wachora ramani. Upande mmoja ukianza kuonea wenzake, ramani mpya za ligi zilikuja na mlango mwembamba zaidi wa kambi, au machimbo ya madini yakasogezwa, au jengo likawekwa kuziba njia ya pembeni. Namba za vikosi zilibaki zile zile. Hapa wengi hupotea: wanatafuta balansi kwenye nguvu za mhusika peke yake, wakati uwanja anaochezea nao ni sehemu yake.

Mhusika kushinda asilimia 50 ya mechi zake nako si uthibitisho wa balansi. Azir, mhusika wa League of Legends, gemu ya timu mbili kupambana, kwa muda mrefu amekuwa akipoteza mechi nyingi mikononi mwa watu wa kawaida, huku timu za kulipwa zikimgombania. Ukimwongezea nguvu ili sisi tushinde naye, mabingwa watafanya naye maafa. Ndiyo maana mwaka 2019 watengenezaji wake, Riot Games, walieleza kwamba wanawapima wahusika kwa makundi manne tofauti ya wachezaji, kuanzia sisi wa kawaida hadi wanaolipwa. Swali la "nani kazidi" halina jibu mpaka useme kazidi mikononi mwa nani.

Ambalo linanileta kwa Eddy Gordo, Mbrazili wa Tekken 3 anayepigana kapoera. Aliyekulia kwenye vibanda vya pleisteshini anamjua: mtoto anashika pedi kwa mara ya kwanza, anabonyeza vitufe vya mateke ovyo, na fundi wa mtaa anakwenda chini. Ubishi wa "Eddy hachukuliwi" nimeusikia mpaka leo, kwa watu wenye ndevu. Jamani. Eddy anawasumbua wageni kwa sababu mateke yake yanapanda na kushuka, na ukikinga ukiwa umesimama, teke la chini linapita. Akishapata mtu anayejua lini achuchumae, anabaki amejilaza sakafuni akisubiri adhabu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujamfungia Eddy kwa jina la balansi, mchukue wewe mwenyewe kwenye sehemu ya mazoezi. Bonyeza polepole, uangalie teke lipi linapiga juu na lipi linapiga miguuni. Ukirudi uwanjani akakupiga tena, tutaongea.