Ukichimba Bagamoyo, ujue ni wakati gani jembe lisimame

Ofisi yetu ya mambo ya kale imekuwa ikipokea taarifa nyingi za viongozi wa vitongoji na za wakulima kuhusu mashimo yanayochimbwa usiku karibu na magofu na makaburi ya kale, na baadhi ya wananchi wanauliza kama Serikali imepiga marufuku kuchimba ardhi. Haijapiga marufuku. Watu wa Bagamoyo huchimba msingi wa nyumba, shimo la choo, kisima, kaburi la marehemu wao, mashimo ya miche ya minazi na mihogo ya chakula cha mchana. Kina mama hufukua chaza maji yakipwa, na wazalishaji wa chumvi huchimba mabwawa yao. Mchanga wa ujenzi una leseni yake kwa kuwa kisheria ni madini, na eneo la mita 60 kutoka baharini linalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini hayo yana wasimamizi wake na sitayaingilia.

Wanyama nao huchimba kuliko sisi. Muhanga huchimba akitafuta mchwa, na shimo akiliacha huhamiwa na ngiri au nungunungu. Fuko hufuata mizizi na viazi, na ufukweni kaa hawatulii. Mtaalamu wa mambo ya kale hupenda kupita kwenye vifusi vya wanyama hawa, kwa sababu huko hutokeza vigae vya vyungu, shanga na vipande vya vioo vinavyoashiria kwamba chini kuna makazi ya zamani. Hata hivyo ushahidi wa fuko tunaupokea kwa tahadhari, kwani handaki lake huweza kuangusha ushanga wa juzi katika tabaka la karne nyingi zilizopita, na asiyeangalia akaandika historia ya uongo.

Jambo hili la matabaka ndilo linalosahaulika. Udongo hujipanga kama kurasa: wa chini ni wa zamani kuliko wa juu, isipokuwa pale ulipovurugwa. Kigae kilichokutwa pamoja na mkaa, mifupa ya samaki na kipande cha bakuli la Kichina kinaweza kutueleza watu wa Kaole, mji wa kale ulio magofu karibu na Bagamoyo, walikula nini, walifanya biashara na nani na katika kipindi gani; kigae hichohicho kikiletwa ofisini ndani ya mfuko wa plastiki hakituelezi karibu chochote. Msikiti wa kale wa Kaole unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makadirio ya namna hiyo hutegemea vitu vilivyokutwa mahali pake.

Sasa nije kwa wanaochimba usiku wakitafuta “mali ya Mjerumani”, yaani hazina inayosemekana kufukiwa na Wajerumani. Makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na Waingereza waliutwaa mji huu mwaka 1916. Kwa nini hazina ya koloni zima ifukiwe katika mji ambao ulikuwa umeacha kuwa makao makuu robo karne kabla? Sarafu za dhahabu za rupia 15 zinazotajwa sana vijiweni zilipigwa Tabora mwaka huohuo wa 1916. Rupia, yaani sarafu ya enzi hizo, inayodaiwa kuvuta punje za mchele kwa miujiza haipo, na anayeiuza ni tapeli. Kifaa cha kutambua chuma nacho hulia kwa msumari na kwa kopo la samaki. Tumeyaeleza haya mara nyingi kuliko inavyopaswa.

Utaratibu ni huu. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964, inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Rupia ya mwaka 1890 haimo katika kipimo hicho cha kwanza, lakini kaburi ulilolipasua ukiitafuta huenda limo. Uchimbaji wa kutafuta mambo ya kale unahitaji leseni, ambayo hutolewa kwa mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Barua ya mtendaji wa kijiji haitoshi, wala ruhusa ya mwenye shamba peke yake. Anayekutana na kitu cha kale kwa bahati, hata akiwa anachimba choo katika kiwanja chenye hati yake, anawajibika kutoa taarifa bila kuchelewa kwa kiongozi wa Serikali, kwa makumbusho au kwetu. Kupeleka vitu hivyo nje ya nchi pia kuna kibali chake. Anayekiuka anaweza kushtakiwa mahakamani, na nisingependa mtu ajitetee kwamba alidhani kiwanja ni chake na kilichomo chini ni chake pia.

Kwa mwenye ujenzi, taarifa haina maana kwamba nyumba imekufa. Asimamishe kazi mahali pale tu, aendelee kwingine, aache kitu kilipo na amwite mwenyekiti wa kitongoji. Kama kimeshatolewa, kisioshwe wala kusuguliwa kwa mchanga au ndimu. Kifungwe katika karatasi kavu pamoja na udongo wake, na aliyekitoa aje nacho akiwa tayari kutuonyesha shimo lenyewe, ambalo lisifukiwe kabla hatujafika.