Hidaya, bakshishi na rushwa: tusiyachanganye

Wiki iliyopita nilikuwa dirishani katika ofisi moja, nasubiri karatasi yangu igongwe muhuri. Mzee aliyenitangulia alishapewa yake, kaikunja, anageuka kuondoka. Kijana wa ndani akamwita kwa upole kabisa: "Mzee wangu, na hidaya yetu je? Hidaya ni sunna." Mzee akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, akaisukuma chini ya kioo. Sikusema kitu. Muhuri wangu ulikuwa bado.

Maana kwanza, haraka haraka. Hidaya ni kitu unachompa mtu kwa mapenzi, bila kusubiri malipo. Bakshishi, au bahashishi kama wanavyosema wazee, ni ziada anayopewa mhudumu juu ya ujira wake. Rushwa ni anachopewa mwenye mamlaka ili apindishe haki, au ili atoe kwa bei kile alichopaswa kukitoa bure. Hayo yote yamo kwenye kamusi na hakuna anayeyabishia. Ubishi huanza kimoja kinapovaa kanzu ya mwenzake.

Rushwa tumeitoa kwa Waarabu, na wanalugha wao huifungamanisha na rishaa, kamba ya kuteremshia ndoo kisimani. Maji yako chini, mkono haufiki, unatafuta kamba. Sasa itazame aya ya 188 ya Suratul Baqara, inayokataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu. Kitenzi kilichotumika hapo ni tudluu, na kinatokana na dalwu, yaani ndoo. Kamba huku, ndoo kule. Mali inateremshwa gizani ili ipande na haki ya mtu mwingine. Maneno yetu ya mtaani, chai na kitu kidogo, yametungwa makusudi ili picha hiyo isionekane.

Hidaya ina mzizi mwingine kabisa, wa kuongoza na kutanguliza. Waarabu hutenganisha: zawadi ni hadiyya, uongofu ni hidaya. Sisi tumevitia vyote viwili katika neno moja, ndiyo maana mtoto akiitwa Hidaya hujui wazazi walikusudia tunu au mwongozo (nadhani huwa wanataka vyote). Wanyama wanaopelekwa kuchinjwa Makka wakati wa hija nao huitwa hadyi, kwa mzizi huohuo. Ni kitu kinachoongozwa mpaka kwa mwenyewe, mchana, watu wanaona. Bakshishi ni Kiajemi, kutoka kitenzi cha kutoa na pia kusamehe, haina makuu.

Kinachonikera hasa ni hoja iliyojificha ndani ya maneno ya yule kijana: kwamba ikitolewa baada ya kazi kwisha, bila sharti, basi ni asante tu. Hoja hiyo ilishajibiwa zamani. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwa sahaba Abu Humaid As-Saidi kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn Al-Lutbiyya kukusanya zaka za Bani Sulaim. Aliporudi akatenga mafungu: hili lenu, na hili nimepewa mimi hidaya. Mtume akapanda mimbari, akauliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama ataletewa hidaya?

Tazama kilichokosekana katika kisa hiki. Hakuna aliyesema Ibn Al-Lutbiyya alidai kitu. Hakuna aliyesema alimpunguzia mtu zaka. Wala hakuficha, mwenyewe ndiye aliyeyataja mafungu yote mawili. Bado hakukubaliwa, kwa sababu kilicholetewa hidaya ni kiti, yeye alikikalia tu. Kwa hiyo kuuliza "ilikuwa kabla au baada?" ni kuuliza swali lisilohusika. Nyumbani kwa mama yako, mzee yule angekujua?

Mafaqihi wetu wa Kishafii, yaani wanazuoni wa sheria wa madhehebu ya Shafii, wameliweka wazi zaidi kwa kadhi. Aliyekuwa akimletea hidaya tangu hajapewa ukadhi, na hana kesi mbele yake, aendelee kwa kiwango kilekile. Aliyeanza kuleta baada ya uteuzi, arudishiwe chake.

Mhudumu wa hoteli aliyeachiwa dola mbili kitandani na mgeni aliyekwisha kwenda uwanja wa ndege ni suala jingine. Wapo wanazuoni wanaomwingiza humohumo kwa kuwa naye ni mwajiriwa. Wengine wanamruhusu maadamu tajiri wake anajua na asiyetoa hatupwi. Mimi naegemea kwa hawa wa pili. Ila siku mhudumu wa mezani anapomwekea kipande cha pili cha nguru mteja anayejulikana kwa mkono wazi, ajue nguru yule ni wa mwenye hoteli. Hapo bakshishi imeshaanza kuota kamba.

Kubadili jina tulishajaribu hata kwa sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Tukaiita takrima, neno la mzizi mmoja na ukarimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kupingana na Katiba.

Sasa muhuri wangu nimeupata, naweza kumsahihisha kijana bila woga. Mwanangu, neno ulilokuwa ukilitafuta pale dirishani si hidaya. Kama rushwa unaliona zito mdomoni, chukua hongo. Hilo angalau lilikuwa na heshima zamani. Karne ya 19 misafara ya pwani ikielekea Tabora ilitoa hongo ya vitambaa, shanga na waya kwa watemi wa Ugogo ili ipite salama. Ila hata hiyo ilibishaniwa hadharani, pengine siku kadhaa, msafara mzima ukijua kilichotoka na aliyekipokea. Haikukunjwa mara nne.