Matairi ya Swift Sport: kwa nini sishauri kuongeza upana

Katika magari madogo ya mwendo kasi yanayoletwa kwetu kutoka Japani, Suzuki Swift Sport ndilo ninaloulizwa zaidi linapofika suala la matairi, na swali huja karibu kila mara kwa sura ileile: mwenye gari ameambiwa dukani kwamba saizi yake haipo, ameonyeshwa tairi pana zaidi, na anataka kujua kama kuna ubaya. Ubaya upo. Gari hili ni jepesi, na toleo la ZC33S lililoanza kuuzwa mwaka 2017 lina uzito wa kilo 970 tu likiwa na gia za mkono. Kwa gari la namna hiyo, ubora wa mpira, umri wa tairi na urefu wa ubavu wake ni mambo ya kuangaliwa kabla ya upana, na mara nyingi upana ukiongezwa huleta hasara.

Namba kwanza. Toleo la ZC31S lilitoka kiwandani na tairi la 195/50R16, na mawili yaliyofuata, ZC32S na ZC33S, yakapewa 195/45R17 juu ya rimu yenye upana wa inchi 6.5. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu wa 195/45R17 una urefu wa milimita 88 hivi, na tairi zima lina kipenyo cha milimita 607. Kila mbadala utakaopewa dukani upimwe kwa namba hizo mbili. Tairi la 205/45R17 lina kipenyo cha milimita 616, yaani ongezeko la asilimia 1.5, na rimu ya inchi 6.5 ndiyo nyembamba kuliko zote linazoruhusiwa kufungwa. Linakubalika, ila liko ukingoni. Tairi la 215/45R17, ambalo wauzaji hulisifia kwa sababu wanalo tele, linataka rimu ya inchi 7 au zaidi. Ukililazimisha kwenye rimu ya 6.5, mbavu zake hubanwa kwa ndani, uso wa kukanyagia hutuna katikati, na gari huchelewa kuitikia usukani unapokata kona. Zaidi ya hapo, kipenyo huongezeka kwa asilimia 3, hivyo spidomita inasoma pungufu kuliko ilivyosoma awali na gia zote zinakuwa ndefu. Mtu aliyenunua gari kwa ajili ya wepesi wake wa kuchomoka anakuwa amelipia uzito mwingine wa kuburuza.

Hoja kubwa zaidi ni maji. Wengi huamini kwamba tairi pana hugusa lami kwa eneo kubwa zaidi, lakini eneo hilo hutegemea zaidi uzito uliokaliwa na tairi na upepo uliomo ndani yake. Tairi pana hubadilisha umbo la eneo hilo, likawa fupi kwa mbele na nyuma na refu kwa upande. Kwenye lami kavu umbo hilo lina faida zake konani. Kwenye dimbwi, tairi hilohilo linakutana na maji mengi zaidi kwa mbele na lina nafasi fupi zaidi ya kuyasukuma kando, na uzito wa kilo 970 hausaidii sana kulikandamiza chini. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, wakishughulikia matairi ya ndege, walichapisha kanuni ambayo mafundi bado tunaitumia kwa makadirio: kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa upepo wa kilopaskali 220 kanuni hiyo hutoa kilomita 94 kwa saa, na kwa kilopaskali 160, upungufu ambao macho hayawezi kuutambua kwenye tairi lenye ubavu mfupi, hutoa kilomita 80. Hesabu hiyo ni ya maji yenye kina kuliko mifereji ya tairi, kwa hiyo inalihusu hasa tairi lililokwisha, na ndiyo maana kipimo cha kisheria cha milimita 1.6 mimi sikingojei. Tairi jipya huwa na kina cha milimita 8 hivi. Likifika 3, kabla ya masika, linatoka.

Kwa barabara zetu, chaguo ninalolipendekeza mara nyingi ni kushuka hadi rimu ya inchi 16 na kufunga 205/50R16. Upana unaongezeka kwa milimita 10 tu, na ninachokitafuta hapa ni ubavu, si upana. Kipenyo chake ni milimita 611, tofauti isiyofika asilimia moja na ile ya kiwandani, na ubavu wake una urefu wa milimita 102 na nusu, karibu sentimita moja na nusu zaidi. Sentimita hiyo moja na nusu ndiyo huamua kama shimo ulilolikosa kuliona usiku litaishia kwenye mpira au litafika kwenye rimu. Atakayesafiri kati ya Dar es Salaam na Iringa, akivuka matuta ya Mikumi na kupandisha Kitonga, ataiona tofauti kabla hajafika. Saizi ya 195/50R16 nayo inafaa, na ndiyo ya asili kwa wenye ZC31S. Kabla ya kununua rimu, ivalishe tupu, bila tairi, izungushe kwa mkono, na uhakikishe haigusi kalipa ya breki ya mbele (kifaa kinachobana diski), kwa kuwa rimu mbili za inchi 16 zinaweza kutofautiana sana kwa ndani.

Hapa kuna jambo ambalo duka la rimu za mtumba halitakuambia. Swift Sport hutumia nati tano zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3 na tundu la katikati la milimita 60.1, vipimo ambavyo rimu nyingi za Toyota zinavyo pia, na hivyo rimu hukaa vizuri kabisa. Nati ndizo zisizolingana. Za Suzuki zina uzi wa M12 kwa 1.25, za Toyota ni M12 kwa 1.5, na ukiziona mezani pamoja huwezi kuzitofautisha kwa haraka. Nati ya Toyota huingia kwenye uzi wa Suzuki mizunguko michache kisha hukaza. Fundi mwenye bunduki ya upepo huipeleka tu hadi mwisho, na uzi umeshaharibika. Kila nati izungushwe kwanza kwa vidole hadi imeze sehemu kubwa ya uzi.

Ukishaijua saizi, soma maandishi ya ubavuni. Tairi la 195/45R17 lenye 81W linabeba kilo 462 (ndiyo maana ya 81) na kuvumilia kilomita 270 kwa saa (ndiyo maana ya W). Usikubali namba ya mzigo iliyo chini ya hiyo. Namba ya uchakavu (TREADWEAR), mathalani 200 au 400, ambayo ikiwa kubwa tairi hudumu zaidi, hutangazwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo inalinganisha vizuri matairi ya chapa moja na vibaya ya chapa mbili. Herufi za mshiko, kuanzia AA hadi C, hupimwa kwa kufunga breki kwenye njia iliyonyooka yenye maji, wala hazisemi neno kuhusu kona. Ukikuta lebo ya Ulaya, nenda moja kwa moja kwenye daraja la breki kwenye maji na uchague A au B. Sishauri matairi ya mashindano yenye uchakavu wa 200 kwa gari la kila siku, kwa sababu mengi yana mifereji michache na hushika vizuri yakiwa ya moto, na gari jepesi linalotambaa kwenye foleni ya Ubungo halitayapasha joto kamwe.

Gari likiwa limetoka bandarini karibuni, tafuta ubavuni neno STUDLESS au alama ya kitone cha theluji ndani ya mlima wenye vilele vitatu. Hayo ni matairi ya majira ya baridi, na magari mengi yaliyotumika kaskazini mwa Japani hufika nayo yakiwa bado na kashata (vipande vya mpira vya kukanyagia) nzito zinazomvutia mnunuzi. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana unalainika kupita kiasi, breki zinarefuka na kashata zinayeyuka upesi. Yauze kwa anayeyataka, usiyatunze.

Umri husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Upande mmoja wa tairi huwa hauna tarakimu hizo, kwa hiyo likiwa limefungwa tayari, ingia chini na tochi. Kwa joto la pwani, tairi la mtumba lenye miaka sita silifungi hata likiwa na kashata kamili.

Fedha ikitosha matairi mawili tu, mapya yaende nyuma. Wateja hubisha, wakisema gari linavutwa na magurudumu ya mbele, na kweli ya mbele ndiyo yanayokwisha haraka. Lakini mbele ikielea juu ya maji gari hunyooka, na dereva akiachia mafuta hulirudisha. Nyuma ikielea kwenye kona, Swift Sport, yenye mkia mfupi na mwepesi, huzunguka kabla dereva hajageuza usukani. Kisha peleka gari likapimwe mnyooko wa magurudumu, jaza upepo kwa kibandiko cha mlango wa dereva, na kwa kilomita mia mbili tatu za kwanza ukate kona kwa upole, kwa kuwa uso wa tairi jipya bado una utelezi wa mafuta ya kiwandani. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100.