Kushusha dari ya gari bila kuikunja

Mteja anayelalamika kwamba kitambaa cha dari kinamgusa kichwani, mara nyingi huwa ameshajaribu pini, na pini zilipomshinda akajaribu gundi. Simlaumu, ila gundi haikuwa na kosa. Kilichokufa ni sponji. Kitambaa cha dari kina sponji nyembamba mgongoni, na sponji hiyo ndiyo iliyobandikwa kwenye ubao, lile bamba linaloipa dari umbo lake. Ikipigwa joto na unyevu miaka mingi, hugeuka unga. Pitisha kidole nyuma ya kitambaa kilicholegea, kitatoka na vumbi linalonata. Ukipaka gundi hapo, unabandika kitambaa kwenye vumbi, na baada ya muda kitashuka tena.

Kwa hiyo ubao lazima utoke nje, na kazi yote ni kuutoa mzima.

Viti vilaze kabisa kabla ya kufungua betri. Kama ni vya umeme, ukikata betri kwanza havisogei tena. Niliwahi kusahau, ikabidi nirudishe kila kitu nianze upya. Halafu ndipo uvue waya wa hasi na kusubiri. Magari mengi yana mifuko ya hewa (airbag) ya kukinga abiria ajalini, iliyokunjwa pembeni mwa dari, juu ya madirisha, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda hata betri ikiwa imekatwa. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari lenyewe. Fuata huo, usikisie.

Vizuia jua, taa ya ndani na vishikio vya mkono havina shida: skrubu zake huwa zimefichwa chini ya vifuniko vidogo, vinyanyue kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Penye soketi ya umeme, bana kifungio chake, usivute waya.

Vifuniko vya nguzo, zile zinazoshika paa kati ya madirisha, ndivyo vinavyovunjika. Plastiki ya gari la zamani hukauka, na klipu ikigoma watu huongeza nguvu badala ya kutafuta ilipo. Mimi huingiza kabari ya plastiki karibu na klipu yenyewe, nikavuta moja moja. Kwenye nguzo za mbele, baadhi ya magari yana klipu yenye kamba, inayozuia kifuniko kisiruke mfuko wa hewa ukifunguka. Hiyo usiilazimishe, na kama mtengenezaji anataka ibadilishwe ikishatolewa, nunua mpya. Bolti ya mkanda wa usalama ukiifungua, siku ya kurudisha ikaze kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza. Mkono hautoshi hapo.

Sasa vua raba za milango upande wa juu. Ubao utabaki umeshikwa na klipu chache za nyuma. Kabla ya kuzitoa mulika tochi juu yake, kwani waya za taa wakati mwingine zimegandishwa mgongoni mwa ubao, na ukivuta kwa pupa unang'oa soketi.

Hapa tafuta mtu wa pili. Ubao ni mwepesi, lakini umetengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa, na ukikunjika mara moja ule mstari hauondoki. Utauona chini ya kitambaa kipya, katikati kabisa ya dari. Gari lenye mlango mpana wa nyuma ni rahisi: mmoja asukume toka mbele, mwingine apokee. Kwa gari la saluni, lenye buti lililotengwa na viti, mimi hupitia mlango wa abiria wa mbele, nikiuinamisha ubao kwa mshazari, kona moja itangulie. Kona ikikwama rudi nyuma ujaribu pembe nyingine.

Ukishatoka, ulaze mahali tambarare, vaa barakoa na uchubue kitambaa chote. Sponji iliyobaki isugue kwa brashi ngumu ya nailoni. Ya waya itachana ubao. Mimi hufumba macho nikapitisha kiganja. Nikihisi hata chembe, nasugua tena, kwa sababu kitambaa kipya hakifichi kitu.