Je, wajua programu yenye kosa la tarehe inaweza kukupa jibu sahihi?

Kuna swali maarufu la mazoezi ya programu: kuanzia 1 Januari 1901 hadi 31 Desemba 2000, miezi mingapi ilianza siku ya Jumapili? Unaambiwa kuwa 1 Januari 1900 ilikuwa Jumatatu. Jibu ni 171.

Mimi nililifanya nikiwa barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, nikatumia ile kanuni ya shule kwamba mwaka ukigawanyika kwa 4 ni mwaka mrefu, Februari siku 29, basi. Ikatoka 171, nikafunga laptopu. Kumbe nimekosea, 1900 haukuwa mwaka mrefu! Mzunguko wa majira ya mwaka unachukua siku 365.2422 hivi, haufiki 365.25, kwa hiyo kalenda iliyoanza 1582 inainyima miaka ya 00 ile siku ya ziada, isipokuwa inayogawanyika kwa 400 kama 2000. (Manahodha wa zamani wa huku, waliohesabu kalenda ya Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, mwaka wao ulikuwa siku 365 tupu, ndio maana siku yao ya mwaka mpya ilisogea siku moja kila miaka minne hivi.)

Sasa 171 yangu ilitoka wapi?

Chukua sinia, watu saba wamelizunguka, kila mtu ana jina la siku. Unagawa mahamri 365, kila hamri ni siku moja ya mwaka, mmoja mmoja kwa zamu. Raundi 52 zinamaliza 364, linabaki hamri moja, analichukua yule yule uliyeanza naye, kwa hiyo mwaka unaofuata unaanza na jirani yake. Ndio 1 Januari 1900 ikiwa Jumatatu, ya 1901 ni Jumanne. Mwaka mrefu yanabaki mawili, unaruka mtu mmoja. Mimi niliongeza hamri la 29 Februari 1900 ambalo halikuwepo, na kuanzia hapo kila tarehe ikaangukia mtu wa pili: 1 Januari 1901 kwangu ikawa Jumatano. Yaani miaka mia nzima nilikuwa nahesabu Jumamosi nikiziita Jumapili.

Na Jumamosi nazo ni 171! Miezi 1200 ukiigawa kwa watu saba kila mtu anapata 171 na inabaki 3, kwa hiyo mafungu yanakaribiana sana, na hawa wawili wametoka sawasawa.

Kuna na zaidi. Anayesahau sharti la 400, akaufanya 2000 kuwa mwaka wa kawaida, pia anapata 171. Mwaka 2000 ulikuwa na mwezi mmoja tu ulioanza Jumapili, Oktoba. Yeye anaukosa huo, ila programu yake inampa 1 Mei badala yake, ambayo kiukweli ilikuwa Jumatatu.

Lakini hii ni bahati ya swali hili na miaka hii tu, usiichukue kama sheria. Ukikosea yote mawili, 1900 mrefu na 2000 wa kawaida, unapata 170.

Hata Excel, programu ya majedwali ya Microsoft, mpaka leo inakubali 29 Februari 1900, kosa ambalo Microsoft walilirithi kwa Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, na wakaliacha makusudi ili mafaili yaendane.

Siku hizi kabla sijahesabu chochote naiuliza programu tarehe mbili: 1 Januari 1901 iseme Jumanne, 1 Machi 2000 iseme Jumatano.