Bodi ya skuli, kamati ya skuli, na bati tatu za darasa la tatu

Wiki iliopita mtoto wa ami yangu alioko Toronto kaniletea voisi ndefu kwenye WhatsApp, anasema huko kwao raia wanapiga kura kuwachagua watu wa bodi ya skuli, siku ile ile wanayochagua meya, kila baada ya miaka 4, sasa anauliza vipi na sisi Pemba tusiwe na bodi ya mkoa ikaziendesha skuli zake badala ya kila kitu kusubiri Unguja. Nikamwambia jibu lake haliingii kwenye voisi, ntaliandika. Mimi nimekaa ofisi za elimu za wilaya hapa Pemba miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa nashika chaki, jambo hili nimelala nalo nimeamka nalo.

Kwanza bodi yenyewe ni kitu gani. Wazee wengi wakisikia bodi wanadhani ni kamati ya skuli iliyopewa jina kubwa, sio hivyo kabisa. Kule Ontario, jimbo la Canada lenye mji wa Toronto, bodi ndo mwajiri wa mwalimu. Inaajiri, inaamua skuli ipi ifunguliwe na ipi ifungwe, inapitisha bajeti, inamtafuta mkurugenzi wa elimu wa eneo lake. Zipo bodi 72, zimegawika kwa lugha na dini, za Kiingereza na za Kifaransa, za kawaida na za Kikatoliki, kwa hio Toronto peke yake kuna bodi nne zinafanya kazi mji mmoja. Mtaala bodi haiutungi, huo ni wa wizara ya jimbo. Na pesa, zamani bodi zilikuwa zinajipangia kodi zenyewe kwenye majumba na ardhi, tangu 1998 hilo limepanda juu kwa jimbo, bodi inapewa fungu tu.

Hapo kwenye pesa ndo nataka tukae, mana watu wanaangalia kura wakasahau pesa. Marekani sehemu nyingi bodi bado inategemea kodi ya majumba ya eneo lake, na unajua mwenyewe hapo kinatokea nini, mtaa wa majumba makubwa skuli yake ina maabara na maktaba, mtaa wa wanyonge unahangaika hata jimbo likijazia. Sasa ichukue hio uilete kwetu. Mjini Unguja kuna mahoteli, maduka na bandari, Micheweni hapa Pemba kuna uvuvi, mwani na makonde ya juu ya mawe. Kila mmoja ale alichonacho? Mimi nimefundisha watoto wa Micheweni, siwezi kukubali hilo hata kidogo.

Ndo mana mfano wetu sisi sio Toronto, ni Hawaii. Na wao ni visiwa, na jimbo lao zima, visiwa vyote, ni wilaya moja tu ya skuli, Marekani nzima hakuna jimbo jengine lililo hivyo. Bodi ni moja, pesa zinatoka hazina ya jimbo, mwalimu wa Honolulu na wa kisiwa kidogo cha Molokai wote wako chini ya mwajiri mmoja. Bodi hio ilikuwa ya kuchaguliwa kwa kura mpaka mwaka 2010 wananchi wenyewe wakaamua iwe inateuliwa na gavana. Hasara ya mlango mmoja pia waliiona, pesa za jimbo zilipopungua mwaka wa masomo wa 2009/2010 skuli za visiwa vyote zikafungwa siku 17 za Ijumaa, hakuna wa kuponea pembeni.

Lakini kitu kilichonivutia mimi ni sheria yao ya 2004. Hawakuivunja wilaya yao moja, walichofanya ni kuzishusha pesa, kila skuli inapata fungu kwa kuangalia idadi ya wanafunzi na mahitaji yao, yaani mtoto wa familia ya kipato kidogo au anaejifunza Kiingereza anaongezewa, halafu mwalimu mkuu ndo anapanga matumizi akiwa na baraza la skuli lenye wazazi, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wenyewe.

Haya turudi nyumbani. Elimu ya msingi na sekondari kwetu sio jambo la Muungano, ni la Zanzibar, cha Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania, ndo mana kijana wa form four anafanya mtihani mmoja na wa Tanga. Tuna mikoa 5 na wilaya 11, na ngazi zinakwenda hivi: mwalimu mkuu, ofisa elimu wilaya, mkoa, halafu kwa Pemba ofisi ya Ofisa Mdhamini wa wizara pale Chake Chake, halafu Unguja. Mfumo huu wa nyumba moja una asili yake, kabla ya Mapinduzi kulikuwa na skuli zilizogawika kwa jamii, kama Wahindi na zao, na tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo kwa wote. Sitaki mtu aliguse hilo.

Tatizo liko chini. Mwaka mmoja upepo uling'oa bati tatu za darasa la tatu kwenye skuli moja ya wilaya yetu. Mwalimu mkuu akaandika barua siku ile ile. Barua ikakaa mezani kwetu wiki mbili, nasema kwetu mana na mimi nilikuwemo, ndo ikenda Chake, huko ikaulizwa makisio, makisio yakarudi skuli, na watoto wakati wote huo wamesukumwa darasa la nne, sabini na kitu chumba kimoja, wengine wanaandika magotini. Miezi minne. Nilipokwenda kwenye mkutano wa wazee mvuvi mmoja wa kamati akasimama akanambia, "Mwalimu, bati tatu sisi tungenunua Ijumaa ile ile. Lakini tumeambiwa tusichangishe watu, na pesa za skuli hatujui ziko ngapi wala nani anazishika. Sasa kamati kazi yetu nini?"

Sikuwa na jibu na nilikwenda nyumbani nikashindwa kula.

Na watu hawa hawa ndo wanaopandisha kuta za madarasa kwa nguvu zao mpaka kwenye linta wakisubiri serikali ije kuezeka, kokoto wamegonga wenyewe, maji wamebeba akina mama. Kujenga wanaaminiwa, kununua bati hawaaminiwi.

Kwa hio ndugu yangu wa Toronto, bodi ya mkoa ya kupigiwa kura mimi siitaki, kwanza mkoa hauna kodi yake ya skuli, utachagua watu wakae pale Chake wakiandika barua kama sisi. Nova Scotia huko huko Canada walikuwa nazo bodi za mikoa za kuchaguliwa, mwaka 2018 wakazivunja saba, wakabakisha ya skuli za Kifaransa tu. Mshahara wa mwalimu, mtaala, mitihani na kumpangia mwalimu kituo viache juu, la sivyo hakuna mwalimu wa fizikia atakaekwenda vijiji vya mbali. Ninachotaka ni fungu la matengenezo lishuke mpaka skuli, kiasi kijulikane na kibandikwe ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati atie saini, sheha ashuhudie, na wilaya kazi yetu iwe kuja kukagua baada ya bati kupigwa msumari, sio kabla.

Kama skuli ya mtoto wako ina mkutano wa wazee mwezi huu nenda, na ukifika muulize mwenyekiti wa kamati mbele za watu mwaka huu skuli imepata shilingi ngapi. Ukipata jibu au ukikosa, niandikie hapo chini skuli iko wilaya gani, nazikusanya.