Madaraka ya Rais hayakuanza 1977

Wiki hii nimelisikia tena, na safari hii limetoka kinywani mwa wakili: eti Katiba ya Tanzania ya 1977 ndiyo iliyompa Rais wetu madaraka makubwa. Sisi tunaodai katiba mpya tunaumizwa na kauli hii, kwa sababu inatufanya tupigane na mwaka usiohusika.

Fungua ibara ya 37(1) ya Katiba hiyo. Rais "atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote", isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Sharti hilo lilikuwamo tayari kwenye Katiba ya Jamhuri ya Tanganyika ya 1962. Mwaka 1977 lilirithiwa tu.

Na msiniambie ni la mkoloni. Chini ya Katiba ya Uhuru ya 1961, Gavana Mkuu Turnbull alimwakilisha Malkia na kufuata ushauri wa mawaziri, na Waziri Mkuu aliwajibika kwa Bunge. Tuliiacha wenyewe baada ya mwaka mmoja. Serikali ilitoa waraka ikidai kwamba kumtenga mwenye heshima ya dola na mwenye nguvu za dola ni jambo geni kwa mila zetu. Bunge likajigeuza Bunge la Katiba, likapitisha. Hoja ile ya mila ilistahili kubanwa sana! Machifu wengi walitawala na wazee wa baraza, na wazee hao hawakupuuzwa hivi hivi. Vipi basi mila hiyo hiyo itumike kumweka Rais asiyelazimika kumsikiliza mtu?

Hata hivyo, sina hakika kwamba kubaki na Waziri Mkuu kungetuokoa. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilipitishwa mwaka huo huo wa 1962, kabla ya Jamhuri, Kawawa akiwa Waziri Mkuu. Bunge lililoipitisha ni lile la uchaguzi wa 1960, ambamo TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Lingemkatalia nani?

Ndiyo maana kwenye Rasimu ya Warioba, yaani rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na tume ya Jaji Warioba, mimi naanza na pendekezo la mawaziri kutotoka miongoni mwa wabunge, kabla sijagusa sura ya Rais. Leo ibara ya 55 inataka mawaziri wote watoke bungeni, na mbunge anayesubiri kuteuliwa hana sababu ya kumhoji anayeteua.